Isome historia ya Kiingereza kwa kutumia msimamo wa ligi

Dabi ya Kariakoo. Kila mpenzi wa mpira Tanzania anayatamka maneno haya, na ndani yake mna somo zima la Kiingereza. Kariakoo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kilichopiga kambi pale. Ndimi zetu zikalifinyanga jina hilo mpaka likawa letu. Dabi nayo ni Derby. Neno lilitoka kwenye mbio za farasi zilizoanza Epsom mwaka 1780, zikaitwa kwa jina la mkubwa mmoja mwenye cheo cha Earl of Derby, kisha likahamia kwenye mapambano mengine. Lakini Derby yenyewe si jina la Kiingereza cha asili. Ni la Wadenmark waliovuka bahari na kuuteka mji uliokuwa ukiitwa Northworthy. Kwao "by" ni kijiji.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naendesha lori la mizigo kaskazini mwa Uingereza, makazi yangu Leeds. Miaka kumi na moja nimeisoma nchi hii kwa vibao vya barabarani. Mpwa wangu, kidato cha tatu, aliniuliza siku moja: "Mjomba, kwa nini Leicester inasomwa Lesta?" Nilimrekodia sauti moja baada ya nyingine usiku kucha. Hapa nayapanga yale yale, ili na mwingine aweze kuifanya kazi hii mwenyewe.

Tafuta msimamo wa ligi za Uingereza, pamoja na madaraja ya chini, maana majina matamu yako huko. Tafuta ramani ya nchi na penseli za rangi tano. Chuo Kikuu cha Nottingham kina kamusi ya bure ya majina ya mahali mtandaoni. Itumie kuhakiki, lakini kwanza kisia mwenyewe, la sivyo hutajifunza kitu.

Anza na mito na milima, penseli ya kijani. Mvamizi hubadilisha jina la mji kwa urahisi, lakini mto humkuta na jina lake na humwachia jina lake. Utaona mito kadhaa inayoitwa Avon. Katika lugha ya Waselti, wenyeji wa kale ambao Kiwelisi cha leo ni mzao wa lugha yao, neno hilo maana yake ni mto tu. Kwa hiyo River Avon ni Mto Mto, kama sisi tunavyosema Jangwa la Sahara, na Sahara kwa Kiarabu ni jangwa. Karibu na Burnley kuna Pendle Hill. "Pen" ni kilima kwa Kiselti. Wasaksoni, baba wa Kiingereza tutakaowafikia hapo chini, wakaja, wasielewe, wakaongeza neno lao la kilima, ikawa Pendle. Maana ikapotea tena, wajukuu zao wakaongeza "hill". Kilima Kilima Kilima.

Penseli ya pili, nyeusi, ni ya Warumi, waliovamia mwaka 43 na kuondoka mwanzoni mwa karne ya 5. Tafuta -chester, -cester na -caster. Zote zinatokana na neno la Kilatini la kambi ya jeshi, "castra". Manchester walikuwa wakiiita Mamucium. Winchester, Gloucester, Doncaster, Lancaster: weka nukta nyeusi, kisha tazama nukta zako zinavyojipanga kufuata barabara za majeshi. Na hapa ndipo lilipo jibu la mpwa wangu. Maandishi yaliganda, ulimi ukaendelea kumeza silabi. Ukikuta -cester ruka "ce": Lesta, Glosta, na Worcester ni Wusta. Ila Cirencester siku hizi husomwa kwa ukamilifu wake, hivyo kabla ya kutamka mji usioujua, msikilize mwenyeji.

Wasaksoni na Waangli, penseli ya bluu, walitoka kule ambako leo ni Ujerumani na Denmark. Hawa ndio baba wa Kiingereza, na majina yao ndiyo yatakayoijaza ramani: -ham, -ton, -ley, -ford. Mtu wa Tanga hapa hahitaji mwalimu. Sisi tuna Kwamsisi, tuna Kwamndolwa; anatajwa mtu, panakuwa mahali. Tottenham ni Kwa Totta. Birmingham ni Kwa watu wa Beorma, na hiyo -ing- ya katikati ndiyo "watu wa". Wolverhampton imebeba jina la mwanamke, Wulfrun, aliyepewa ardhi ile na mfalme mwaka 985. Ninapopita pale na lori humtaja, maana watu wengi hudhani mji unahusu mbwa mwitu. Everton ni kitongoji cha nguruwe mwitu. Burnley ni uwazi wa msituni kando ya mto Brun. Oxford ni kivuko cha maksai, Bradford kivuko kipana.

Lakini jihadhari na -ham. Kulikuwa na maneno mawili, moja la makazi na jingine la ardhi iliyokumbatiwa na maji, kama kwenye kona ya mto. Yameungana katika maandishi. West Ham na Fulham ni za hili la pili. Ndiyo maana nasema uhakiki: jina la leo ni mtoto tu, wewe mtafute babu. Sajili kubwa ya ardhi iitwayo Domesday Book, ya mwaka 1086, ina majina mengi katika sura yake ya zamani, na kamusi ya Nottingham hukusaidia kuhakiki. Hiyo Nottingham yenyewe ilianza na S, ilikuwa Kwa watu wa Snot, hadi S ikadondoka baada ya Wafaransa wa Normandy kuingia.

Sasa chukua penseli nyekundu, na hapa usiharakishe. Hawa ni Waviking wa Denmark na Norway. Mwaka 793 walivamia nyumba ya watawa ya Lindisfarne, mwaka 866 wakaiteka York, na baadaye wakakaa, wakalima, wakaoa. Weka rangi kwenye kila -by, -thorpe na -thwaite: Derby, Grimsby, Whitby, Selby, Scunthorpe. Ukimaliza, chora mstari kutoka London hadi Chester. Karibu nyekundu zote zitakuwa juu ya mstari, kaskazini na mashariki. Ule ndio upande waliotawala wao, na utakuwa umeuchora mwenyewe bila kufungua kitabu cha historia. Mimi nilipoumaliza mstari wangu kwenye meza ya jikoni niliita wenzangu waje kuona.

Wiki yangu ya kwanza kazini niliambiwa nipeleke mzigo Slaithwaite. Nikaisoma herufi kwa herufi, kama Kiswahili. Mzee wa ghala akanitazama muda mrefu, kisha akasema, "Slau-it." Aliniambia bibi yake angeweza kuzungumza na mvuvi wa Norway wakaelewana nusu. Sijui kama ni kweli kwa bibi yake, lakini kwa karne ya 10 hapana shaka watu walisikilizana hivyo, jirani na jirani, na ndipo Kiingereza kilipobadilika kabisa.

Ukipata nafasi ya kufika York, nenda ukaone kwa macho. Jina la mji peke yake limepita midomo minne. Warumi walilipokea kwa wenyeji wakalifanya Eboracum. Wasaksoni wakasikia "eofor", nguruwe mwitu wao, wakasema Eoforwic. Waviking wakasema Jorvik. Waliofuata wakalifupisha. Ndani ya mji, mitaa inaitwa Stonegate, Micklegate, Coppergate. "Gate" hapa siyo lango. Ni "gata", barabara kwa lugha ya Waviking. Malango yenyewe ya ukuta yanaitwa "bar". Micklegate Bar ni lango la Barabara Kuu. Coppergate, mtaa wa watengeneza vikombe vya mbao, ndipo wachimbaji walipofukua nyumba za Waviking kati ya 1976 na 1981, na viatu vya ngozi vikatoka udongoni vikiwa bado viatu.

Kutoka kwa watu hawa Kiingereza kilichukua yai, "egg", na kisu, "knife", na dirisha, "window", ambalo kwao lilikuwa jicho la upepo. Kilichukua hata "they", yaani wao. Fikiria lugha inaazima neno la kusema "wao"! Lakini hebu hesabu: moja, mbili, tatu, nne, tano ni za Kibantu, sita na saba za Kiarabu, nane ya Kibantu, tisa ya Kiarabu. Nani kati yetu huhisi ugeni anapofika sita? Ndivyo Mwingereza anavyosema "they".

Kupokeana huko kulichukua muda. William Caxton, aliyeleta mashine ya kuchapa vitabu Westminster mwaka 1476, alisimulia mwaka 1490 habari ya wafanyabiashara waliosimama Kent kutafuta chakula. Mmoja akaomba "eggys". Mama mwenye nyumba akasema hajui Kifaransa. Mfanyabiashara akakasirika, maana hata yeye hakukijua. Mwenzake akasema "eyren", neno la zamani la Wasaksoni, na mama akaelewa. Kilichoombwa ni mayai.

Penseli ya tano, zambarau, ni ya Wanormani, wale Wafaransa wa Normandy walioiteka nchi mwaka 1066. Kwenye ramani hawana mengi: ngome mpya ya 1080 iliyozaa jina Newcastle, Beaulieu inayosomwa Byuli, Belvoir inayosomwa Biva. Wao hawakuja kulima, walikuja kumiliki. Ng'ombe akiwa zizini jina lake ni la Kisaksoni, "cow". Akifika mezani kwa bwana ni la Kifaransa, "beef".

Nataka usimame kidogo hapa. Baada ya 1066, kwa takriban miaka 300, Kiingereza kilikuwa lugha ya mkulima asiye na sauti. Mahakamani walisema Kifaransa. Sheria ya kuagiza kesi zisikilizwe kwa Kiingereza ilipitishwa mwaka 1362, nayo yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa. Mimi nilivishwa kibao shingoni shuleni kwa kosa la kusema Kiswahili uwanjani, nikakaa nacho mpaka jioni, nikiamini lugha ile niliyotakiwa kuisema ilizaliwa ikiwa bwana. Niliposoma habari ya 1362, nilikuwa nimeegesha lori kwenye kituo cha mapumziko, mvua inanyesha, na niliirudia ile kurasa mara tatu. Mfundishe mwanao mwaka huo kabla hujamfundisha nyakati za vitenzi.

Yatakubakia majina yasiyokubali rangi yoyote. Usiyalazimishe. Arsenal, kwa mfano, si mahali. Ni kiwanda cha silaha cha Woolwich ambacho wafanyakazi wake walianzisha timu mwaka 1886. Neno lilifika Uingereza kupitia Italia, na Italia walilipata kwa Waarabu: "dar", nyumba, na "sina'a", kazi ya ufundi, ndugu wa sanaa yetu. Dar hiyo ndiyo ya Dar es Salaam.

Mpwa wangu ni shabiki wao tangu akiwa mdogo. Alinyamaza kidogo kwenye simu. Kesho yake alinitumia picha ya ramani yake, kijani, nyeusi, bluu, nyekundu na zambarau, na juu ya London ameandika kwa kalamu ya wino: nyumba ya sanaa.