SOMO: Kuchagua tamasha la muziki la kwenda (soma kabla hujanifuata inboksi)

Wakuu habari zenu.

Kila ikifika Desemba inboksi yangu inajaa swali lile lile: "Mkuu, niende Busara au Nyege Nyege?" Naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena natupia linki.

Siongelei shoo za uwanja wa mpira. Hizo unaenda, unaimba, unarudi kwenu kulala. Naongelea matamasha ya siku tatu nne ambayo lazima usafiri.

1. Kalenda. Sauti za Busara ni Zanzibar, Februari, kaskazi inavuma na joto halina huruma hata usiku. Nyege Nyege ni Uganda, upande wa Jinja, na tarehe zake zinahama: kuna mwaka ilikuwa Septemba, kuna mwaka Novemba. Tamasha la Bagamoyo, pale chuo cha sanaa TaSUBa, ni miezi ya mwisho ya mwaka. Halafu hesabu Ramadhani, maana inarudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. Ya 2027 inakadiriwa kuanza karibu tarehe 8 Februari. Ukifika Unguja mwezi huo ukitegemea kula chipsi barabarani mchana, shauri yako.

2. Bajeti. Nauli, kulala, kula. Kiingilio weka mwisho, mara nyingi ndicho kidogo kuliko vyote.

3. Muziki wenyewe. Busara wana msimamo: laivu tupu. Hakuna kupanda jukwaani na flashi ukafungua mdomo. Utakuta gambusi, kidumbaki (taarabu ya mitaani), gitaa la umeme na kikundi cha nchi ambayo hujawahi kuisikia redioni, usiku mmoja. Nyege Nyege ni mahema, majukwaa kadhaa, madijei mpaka jua linachomoza, na singeli yetu ya uswahilini inapigwa kwa heshima ambayo hapa Dar wengine wanainyima. (Ndiyo, najua jina linasemaje kwa Kiswahili. Kwa Waganda ni ile hamu ya kucheza inayokushika huwezi kutulia. Mama mimi nilimwambia naenda "tamasha la Jinja".) Bagamoyo ni ngoma, sarakasi na maigizo, na kutoka Dar ni kilomita kama 70 tu.

4. SAA SABA USIKU UTAKUWA WAPI? Hapa tulieni, maana hapa ndipo nilipolizwa.

Mara yangu ya kwanza Busara nilichagua kwa bango. Niliona jina la msanii ninayempenda, nikakata tiketi, nikatafuta chumba cha bei nafuu "Zanzibar". Nikakipata Nungwi, ufukweni, picha nzuri, nikajisifu. Kichwani mwangu Unguja ilikuwa kisiwa kidogo, utembee tu. Jamani, Nungwi ni ncha ya kaskazini, karibu kilomita 60 kutoka Mji Mkongwe, tamasha lilipo. Mchana daladala namba 116 ilinileta Darajani kwa pesa ya mchezo, kwa hiyo sikushtuka.

Muziki ukaisha saa saba kasoro. Natoka mlango wa Ngome Kongwe, ukumbi wa tamasha, watu wanacheka wanaelekea makwao kwa miguu, kandambili zinapiga chapa chapa kwenye mawe. Mimi naulizia daladala. Mzee mmoja aliyekuwa anafunga meza yake ya miwa pale Forodhani akaniangalia kwa huruma: "Daladala? Mwanangu, hadi alfajiri." Teksi ikaniambia elfu tisini. Nikalipa. Kesho yake, kwa kuogopa elfu tisini nyingine, nikaondoka saa nne usiku. Yule msanii wa kwenye bango alipanda saa tano na nusu. Nilimwona kwenye simu ya mtu.

Kwa hiyo:
- Kama tamasha liko mjini, lala pale unapoweza kurudi KWA MIGUU. Kwa Busara ni Malindi, Shangani, Vuga, Kikwajuni. Ukizidi Michenzani anza kujiuliza.
- Kama ni la mahema, usilale hotelini mjini "kwa usalama". Utakosa nusu ya tamasha na utalipa bodaboda mpaka ukome.
- Usipange kurudi na boti ya asubuhi baada ya usiku wa mwisho. Hutaamka.
- Kama jibu la saa saba usiku hulijui, hilo si tamasha lako mwaka huu, hata akipanda nani.

5. Tiketi. Kwenye ukurasa wao wenyewe, si kwa "jamaa yangu anazo". Mtanzania beba kitambulisho, bei yetu ni tofauti na ya wageni.

Nawasilisha. Maswali karibuni.

---

chausiku_tz: Mkuu Busara ni mwezi gani?

Mwandishi: Namba 1.

KobeWaChanguu: Kiingilio sh ngapi? Hujaandika.

Mwandishi: Sijaandika kwa makusudi, inabadilika kila mwaka. Ukurasa wao upo.

KobeWaChanguu: Sasa somo gani halina bei

Mwandishi: Somo la kuchagua. La bei fungua uzi wako.

binti_mkwakwani: Kaka ahsante. Mimi ni wa kike, nataka kwenda peke yangu kwa mara ya kwanza. Ungenishauri lipi?

Mwandishi: Dada, anza na Busara. Ukumbi mkuu ni ndani ya kuta za ngome, mlango unajulikana, na wakati wa kutoka mnatoka umati mzima. Mchana ukitembea mitaani jistiri mabega na magoti, beba kanga mkobani. Usiku inageuka shuka la kukalia kwenye ngazi za mawe. Fika mapema siku ya kwanza uone maandamano ya ufunguzi, ni bure, beni (bendi ya matarumbeta) inapita mitaani na watoto nyuma yake. Chumba ukifika mchana, tembea njia yake mara mbili kabla giza halijaingia. Vichochoro vya Mji Mkongwe vinafanana.

mzee_wa_tarumbeta: Nyongeza: wanaoenda Jinja, kadi ya njano. Bila chanjo ya homa ya manjano mpakani mtaimba peke yenu.

Mwandishi: Mzee umeokoa watu.

diaspora_leeds: Nipo Uingereza, likizo yangu ni Julai na Agosti tu. Nimekosa vyote?

Mwandishi: Hujakosa. Julai nenda Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa, mwaka mpya wa jadi, watu wanachapana migomba halafu wanacheza ngoma. Si tamasha la tiketi, na utakumbuka kuliko tamasha. Taarabu ulizia kikundi cha Ikhwani Safaa, wapo tangu 1905. Kama pasi yako ni ya huko, Zanzibar kuna bima ya lazima ya wageni, dola 44, ilianza Oktoba 2024.

diaspora_leeds: Na Busara haijawahi kufutwa? Nisije nikakata ndege bure.

Mwandishi: Swali zuri. Lilianza 2004, na 2016 halikufanyika, hela ya wafadhili ilikosekana. Ndiyo maana nasema tarehe ithibitishwe kwanza, ndege baadaye.

chausiku_tz: Mkuu samahani nilikuwa sijasoma 😅 Sasa nimesoma. Siku ya tatu ulifanyaje?

Mwandishi: Nilihama Nungwi asubuhi, chumba nikakiacha kimelipiwa. Nikapata gesti Malindi, kitanda kimoja, feni inalia kama cherehani, msikiti dirishani. Nikalala saa tisa, adhana saa kumi na moja, saa mbili nipo kwenye urojo.