Jinsi ya kuwaweka nyenje hai hadi mjusi wako awamalize

Nyenje wakifa siku chache baada ya kununuliwa, watu hudhani ni njaa. Mara nyingi sivyo. Kinachoua ni unyevu na uvundo: kinyesi kikilowa na mizoga ikioza, amonia hujaa ndani ya chombo, na wale waliokuwa wakirukaruka jana wanakutwa chali asubuhi. Karibu kila hatua hapa chini inalenga jambo hilo, chombo kiwe kikavu na hewa ipite.

Maelezo haya ni ya nyenje wa nyumbani, Acheta domesticus, yule wa rangi ya kahawia hafifu anayelishwa vinyonga na mijusi wa kufugwa.

Hatua ya 1: Andaa chombo kabla nyenje hawajafika

Boksi la plastiki la lita 50 hadi 60, lenye kuta laini, linatosha nyenje wakubwa 500. Kata tundu la kama sentimita 20 kwa 30 kwenye kifuniko na jingine dogo juu ubavuni, ili hewa iingie huku na kutokea kule. Ziba matundu kwa wavu wa waya wa madirishani, ubandike kwa silikoni na uiache ikauke kabisa, angalau siku nzima. Usitumie kitambaa cha chandarua wala wavu wa nailoni. Watautafuna na utawasikia wakilia nyuma ya kabati. Kuta zikiwa na mikwaruzo, zungushia tepu laini ya kufungia katoni sentimita 10 za juu, miguu yao iteleze.

Ndani weka trei za mayai za karatasi, zikiwa zimesimama wima. Zikilazwa, kinyesi hukaa juu yake. Zikisimama, hudondoka chini na nyenje wanabaki pakavu. Sakafu iache tupu. Mchanga, udongo na maranda ya mbao huficha mizoga na kushika maji.

Hatua ya 2: Wahamishe siku hiyohiyo

Boksi walilosafirishiwa ni la safari tu. Wakung'utie polepole ndani ya chombo, ondoa waliokufa, na utupe karatasi za zamani pamoja na uchafu wake.

Hatua ya 3: Joto

Kwa kuwatunza tu, nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi zinafaa. Kwenye 30 hukua haraka, huzeeka haraka na hula zaidi, kwa hiyo ukinunua wa ukubwa unaotaka hakuna sababu ya kuwapasha hivyo. Dar es Salaam au Mombasa joto la chumbani linatosha, shida ni unyevu wa hewa: ongeza tundu la wavu, punguza idadi ya nyenje. Nairobi mwezi wa Julai weka mkeka wa joto wenye kidhibiti ubavuni, upande mmoja tu, ili wachague wenyewe pa kukaa. Usiweke chombo juani hata kidogo. Plastiki hupata moto upesi na wote hufa.

Hatua ya 4: Maji bila kulowesha

Hapa ndipo wengi hupoteza nyenje. Bakuli la maji huwazamisha, hata likiwa na kina cha nusu sentimita. Sifongo hushika bakteria baada ya siku mbili tatu. Njia salama ni vipande vya karoti, boga au kiazi kibichi, vyenye unene wa kama sentimita 1, vikiwa juu ya kifuniko cha chupa ili visiguse sakafu. Badilisha kila siku, hata kama havijaisha. Ukitumia chembechembe za jeli ya maji, ziweke kwenye kisahani kifupi na uzitupe zinapogeuka rangi.

Ukiona matone ya jasho ukutani mwa chombo, hewa haitoshi. Usingoje harufu.

Hatua ya 5: Chakula cha kila siku

Chakula cha vifaranga kilichosagwa laini, kijiko kikubwa kwa nyenje 500, kwenye kisahani kikavu mbali na karoti. Kikilowa kitaota ukungu. Kikikosa protini, nyenje watawala wenzao waliotoka kujivua gamba, ambao huwa weupe na laini. Mboga kama sukuma wiki ioshwe vizuri sana: mabaki ya dawa ya shambani yanaweza kumaliza chombo kizima. Na mwenye nyenje asipulize dawa ya mbu chumba hicho, wala asiwashe ile ya kuchoma.

Sisimizi nao wasisahaulike. Simamisha miguu ya meza yenye chombo kwenye makopo yenye maji na tone la sabuni.

Hatua ya 6: Wajaze kalsiamu kabla ya kuwalisha

Nyenje ana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu, na mjusi anayemla hivihivi hulainika mifupa: taya hulegea, miguu hupinda. Saa 24 hadi 48 kabla ya kulisha, tenga wale utakaowatumia na uwape mchanganyiko wa sehemu 8 za chakula cha kuku wa mayai na sehemu 1 ya unga wa kalsiamu kaboneti wa mifugo, usiwe chokaa ya ujenzi. Chakula hiki kisizidi siku mbili. Kalsiamu nyingi kwa muda mrefu huwaua nyenje wenyewe. Kabla tu ya kumpa mjusi, watikise kwenye mfuko wenye unga kidogo wa kalsiamu isiyo na fosforasi.

Urefu wa nyenje usizidi nafasi iliyo kati ya macho ya mjusi. Waliobaki baada ya dakika 15 watolewe, kwani usiku humtafuna mjusi aliyelala, hasa vidole na kope.

Hatua ya 7: Usafi

Mizoga itolewe kila siku. Mara moja kwa wiki hamisha trei pamoja na nyenje wake, futa sakafu kwa maji moto bila sabuni yenye manukato, kausha kabisa, kisha warudishe. Trei zilizolainika zitupwe.

Wakiendelea kufa

Angalia umri kwanza. Mwenye mabawa kamili amebakiwa na wiki chache tu, kwa hiyo nunua wasio na mabawa bado. Wakifa wakubwa kwa wadogo, wakiwa wamelegea chali na miguu ikitikisika, huenda ni kirusi cha denso, kilichofilisi wafugaji wengi wa Ulaya na, kuanzia 2009, Amerika Kaskazini. Hakina tiba. Tupa wote, choma trei, osha chombo kwa dawa ya klorini, na ununue mahali pengine. Nyenje mweusi wa madoa mawili, Gryllus bimaculatus, hustahimili zaidi kirusi hicho, ingawa huuma na hulana kwa ukali.

Ukitaka watage, weka kikopo cha udongo wenye unyevu wa kina cha sentimita 3 kwa usiku mbili. Jike utamjua kwa mrija mrefu kama sindano nyuma. Kihamishie kikopo kwenye chombo kingine chenye nyuzi 30. Mayai huanguliwa baada ya siku 10 hadi 13. Watoto wana urefu wa milimita 2 hivi na hupenya wavu wa madirishani, kwa hiyo mwezi wa kwanza funika tundu kwa kitambaa chembamba cha pamba kilichokazwa.