Kabla Hamjafunga Begi, Tafuteni Daftari

Kila Juni na Desemba, shule zikifungwa, sebule yetu ya Tabata hugeuka stoo. Mabegi yamelala wazi sakafuni, viatu viko juu ya kochi, na hakosekani mtu wa kuuliza chaja iko wapi. Mimi siku hizi huanza kwa kutafuta kauntabuku moja la kwaya mbili, lenye jalada lililochanika. Humo tunaandika safari za familia tangu kitinda mimba wetu akiwa ananyonya. Orodha za "vitu vya kubeba safarini" zipo tele, lakini hakuna hata moja inayojua kwamba mwanangu wa kati hutapika akikalishwa siti ya nyuma. Daftari linajua.

Ukurasa ninaourudia zaidi ni wa Julai, tulipovuka kwenda Unguja. Umeandikwa kwa haraka: "Kusi. Wametapika wote watatu. Mifuko imeisha hata kisiwa cha Chumbe hatujakiona." Kutoka bandari ya Dar ni kama saa mbili kwa boti ya kasi, na saa mbili ukiwa umempakata mtoto anayetapika ni ndefu mno. Kwa hiyo jambo la kwanza kuangalia ni upepo. Kusi ikishika, katikati ya mwaka, mawimbi huinuka. Wavuvi watakwambia usubiri maleleji, pale pepo zinapobadilishana zamu, ila likizo za shule haziulizi pepo. Basi tumejifunza kuishi nayo: chai nyepesi asubuhi, hakuna maharage, siti za chini, katikati ya boti, si mbele, dawa ya kichefuchefu tuliyomuuliza mfamasia kwa umri wa kila mtoto, inayomezwa kabla boti haijang'oa, na mifuko, mara mbili ya unavyodhani itatosha. Ile ya rambo ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, hivyo tafuta mapema ya karatasi ngumu au kopo lenye mfuniko.

Masika nayo ina ukurasa wake. Mvua kubwa za Machi hadi Mei zikijaza bonde la Jangwani, Barabara ya Morogoro hufungwa pale, na basi lako la mkoani linaondoka kituo cha Mbezi bila wewe. Tuliwahi kuliona likitoka getini sisi tukiwa tunashuka kwenye bajaji. Nauli haikurudi. Tangu siku hiyo tumeandika kwa herufi kubwa: basi la saa kumi na mbili, nyumbani mnatoka saa tisa na nusu usiku, watoto wamelala na nguo za safari.

Karatasi hazina hadithi ndefu. Kitambulisho cha NIDA kwa wakubwa, nakala ya cheti cha kuzaliwa kwa watoto, kadi za bima, na picha za vyote hivyo kwenye simu mbili tofauti. Cheti kina faida ya mfukoni pia: nauli za treni ya SGR zilipotangazwa mwaka 2024, mtoto wa miaka minne hadi kumi na miwili aliwekewa nusu nauli, Dar hadi Dodoma mtu mzima shilingi 31,000. Kata tiketi mapema, maana wiki ya kufunga shule kila mzazi ana wazo kama lako. Dawa za presha za bibi hukaa kwenye mkoba wa mkononi, kamwe si kwenye begi linaloingia buti.

Sasa daftari lenyewe, maana nalo huandaliwa. Tulianza na kalamu ya wino. Maji ya bahari yakafuta kurasa zote za safari ya Kizimkazi, kule Unguja. Siku hizi ni penseli mbili na kichongeo, ndani ya kasha la plastiki. Tukagawana kazi kabla ya kutoka: baba yao anaandika nauli na saa, mimi chakula na bei zake, kifungua mimba anaandika anachotaka, na asiyejua kuandika anachora. Kwenda Dodoma, treni ilipopita kwenye mahandaki manne ya Kilosa, mdogo alipaka miraba minne myeusi, basi. Ndiyo kumbukumbu bora tuliyonayo ya reli ile. Bibi yao haandiki. Tunamrekodi sauti kwenye simu, halafu jioni mtu ananakili. Ndivyo tulivyojua kwamba alipokuja Dar mara ya kwanza, kwa gari moshi la reli ya zamani, alilala njiani huku amekumbatia jogoo. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza.

Raha kubwa ya daftari, kwa kweli, huja baadaye. Umeme umekatika, joto la Februari, mtu anachomoa daftari na kusoma kwa tochi, na ugomvi wa "si mimi niliyelia, ni wewe" unaanza upya.

Kubalianeni pia kuhusu picha. Kwetu hakuna kuweka stetasi mpaka tumerudi, kwa sababu kumtangazia kila mwenye namba yako kwamba nyumba haina mtu ni kumrahisishia mwizi kazi. Watoto wa watu hawapigwi picha bila mzazi kuombwa. Kambi za jeshi na Ikulu, kamera inakaa mfukoni.

Nyumbani kabla ya kufunga mlango: zima mtungi wa gesi kwenye valvu, funga koki ya tangi, mwachie jirani ufunguo, na nunua umeme wa LUKU wa kutosha. Hili la mwisho tuliliruka mara moja tu, friji ikiwa na kilo nne za samaki changu. Ukurasa ule hatuusomi wakati wa kula.

Desemba hii tunakwenda Mikumi. Barabara kuu ya kutoka Morogoro kwenda Iringa hupasua katikati ya hifadhi kwa kilomita 50 hivi, kwa hiyo tumechagua basi la mchana: twiga na swala huonekana dirishani kabla hujalipa kiingilio chochote. Begi bado halijafungwa. Kifungua mimba ameshaandika tarehe juu ya ukurasa mpya, na chini yake amepiga mstari wa kugawa safu mbili. Moja ameipa jina "Tembo", ya pili "Waliotapika".