Kuchagua vipande vya kabaidi kwa mashine ndogo ya kukereza

Mashine ya kukereza inayokaa juu ya meza ya karakana ya nyumbani, yenye uzito wa kilo 40 hivi na mota isiyofikia kilowati moja, haina uimara wala nguvu ambazo watengenezaji wa vipande vya kabaidi (ncha ndogo ngumu za kukatia zinazofungwa kwa skrubu kwenye kishikio) huzikusudia wanapovibuni kwa ajili ya viwanda. Kwa hiyo, anayenunua kwa ajili ya mashine kama hiyo atafute kwanza kipande kinachokata kwa nguvu ndogo, na suala la kudumu kwa makali lije baadaye.

Msimbo ulioandikwa kwenye kisanduku hueleza karibu kila kitu. Tuchukue CCMT 060204, ambacho ningependa kiwe cha kwanza kununuliwa na kila anayeanza. Herufi ya kwanza hutaja umbo, ambalo hapa ni msambamba wenye pembe ya nyuzi 80. Ya pili hutaja mwinamo wa ubavu chini ya makali, na C humaanisha nyuzi 7. Ya tatu inahusu usahihi wa vipimo, na ya nne huonyesha kwamba kipande kina tundu la skrubu na mfereji wa kuvunjia chenga za chuma zinazokatwa. Tarakimu zinazofuata hutaja urefu wa makali, yaani milimita 6 hivi, unene wa milimita 2.38, na nusu kipenyo cha ncha cha milimita 0.4.

Herufi ya pili ndiyo inayostahili kuangaliwa kuliko zote. Vipande vya WNMG na CNMG vina N mahali hapo, maana yake ubavu wake umesimama wima bila mwinamo wowote, na ili visisugue chuma hulazimika kulazwa kwenye kishikio vikiwa vimeinamia mbele. Mkao huo husukuma kazi, yaani chuma kinachokerezwa, kwa nguvu nyingi, na mashine nyepesi hujibu kwa kutetemeka. Ni kweli kwamba WNMG hutumika pande zote mbili na kumpa mnunuzi makali sita, ilhali CCMT humpa mawili tu. Lakini makali sita ambayo mashine haiwezi kuyasukuma ni hasara.

Ncha nayo isiwe butu mno. Mtu anayeondoa milimita 0.2 kwa ncha ya 0.8 hukata kwa sehemu ya mviringo peke yake, na nguvu huelekea kuisukuma kazi pembeni badala ya kuinyoa, hivyo fimbo nyembamba hupinda na uso hubaki na mawimbi. Ncha ya 0.4 hufaa kazi nyingi, na ya 0.2 hufaa umaliziaji mwepesi.

Kwa alumini, chagua CCGT iliyonolewa na kung'arishwa bila kupakwa utando, kwa sababu makali yake ni makali kweli na alumini haigandi juu yake kwa urahisi. Wengi wetu huitumia pia kwenye chuma laini, ikipitishwa polepole kwa kina kidogo, nayo huacha uso mzuri, ingawa huchakaa mapema. Kwenye visanduku, P ni kundi la vyuma vya kawaida, M ni chuma cha pua, K ni chuma cha kutupwa, na N ni alumini na shaba.

Kishikio kichaguliwe kwa kupima mashine. Kwa kipande tulichokitaja, kishikio huitwa SCLCR 1010, ambapo 1010 ni upana na kimo cha mpini kwa milimita; hakikisha kwamba ncha inaweza kufika usawa wa kitovu cha kazi, kwani ikiwa chini yake, kusawazisha uso wa mbele huacha kichuguu katikati.

Usisahau mwendo. Chuma laini chenye kipenyo cha milimita 25, uso wake ukipita kwenye makali kwa mita 120 kwa dakika, kinahitaji mizunguko 1,500 hivi kwa dakika. Mashine isiyofika hapo bado itakata, lakini chembe za chuma huweza kuganda kwenye makali na kuchafua uso. Na kazi yenye migongo au mifereji inayopiga ncha kila mzunguko huvunja kabaidi kwa urahisi. Kwa kazi ya namna hiyo, hasa kwenye mwendo mdogo, tumia kisu cha HSS (chuma cha kasi, aina ya chuma kigumu cha kukatia) ulichokinoa mwenyewe.