Jinsi ya Kupunguza Mioto ya Halloween Mitaani: Mwongozo kutoka Ireland

Katika Ireland, kuwasha moto usiku wa Oktoba 31, yaani usiku wa Halloween, ni desturi yenye mizizi katika Samhain, sikukuu ya Waselti, wenyeji wa kale wa Ireland, ya kufunga mavuno na kuingia majira ya baridi, na desturi ya umri huo haifutwi kwa tangazo la halmashauri. Kinachosumbua leo ni kwamba mahali pa kuni pamechukuliwa na paleti za mbao (majukwaa ya kupangia na kubebea mizigo), matairi, magodoro na makochi, na kwamba moto huwashwa kwenye viwanja vya wazi vilivyo katikati ya makazi. Kikosi cha Zimamoto cha Dublin, ambacho huzihudumia halmashauri zote nne za eneo hilo, huuhesabu usiku huo miongoni mwa nyakati zenye kazi nyingi kuliko zote katika mwaka. Mwongozo huu ni kwa wajumbe wa kamati za wakazi, wakiwemo wasemaji wa Kiswahili waliohamia huko, na unaanzia mwezi Septemba, kwa sababu rundo likishafika Oktoba 31 likiwa limesimama, kazi inayobaki ni kuzuia tu lisiunguze nyumba.

Jambo la kwanza ni kujua vitu vinafichwa wapi. Vijana huanza kukusanya wiki kadhaa kabla, nao huficha nyuma ya vibanda vya transfoma, katika vichochoro visivyopitwa, kwenye nyua za nyumba zilizohamwa, na wakati mwingine katika bustani ya nyuma ya mzazi asiyeona ubaya wowote. Mjumbe apite mtaani angalau mara moja kwa wiki, na kuanzia katikati ya Oktoba apite kila baada ya siku mbili. Anapopiga simu halmashauri, ataje jina la barabara, alama iliyo karibu, aina ya vitu alivyoviona, kama lori linaweza kufika, na kama kuna nyaya za umeme juu ya mahali hapo. Taarifa isemayo tu kwamba kuna paleti uwanjani humfanya dereva azunguke asubuhi nzima. Mkazi anayeogopa kujulikana aipitishe taarifa yake kwa kamati, na mtu yeyote asigombane na watoto wala kuwapiga picha.

Halmashauri hutuma wafanyakazi au mkandarasi mwenye lori la mkono wa kunyanyulia, na pale palipo na uhasama polisi, yaani Gardaí, huwasindikiza. Wakati unaofaa ni asubuhi ya siku ya shule. Hapa ndipo ratiba huwaponyoka wengi: shule za Ireland hufungwa kwa mapumziko ya katikati ya muhula katika wiki ya mwisho ya Oktoba, na kuanzia hapo vijana huwa nje kutwa wakililinda rundo lao. Kwa hiyo sehemu kubwa ya uondoaji imalizike kabla ya likizo hiyo. Rundo dogo liondolewe mara tu linapoonekana. Paleti chache zilizotupwa nyuma ya ukuta hazina mwenyewe, lakini rundo ambalo watoto wamelijenga kwa majuma mawili huwa ni mali yao, na kulichukua mbele ya macho yao huzua kurushiana mawe. Kabla ya kunyanyua chochote, wafanyakazi wachungulie ndani, kwa kuwa watoto hugeuza marundo kuwa vibanda vya kuchezea, na kalunguyeye, ambao wakati huo wanatafuta mahali pa kulala majira yote ya baridi, hupenda kujichimbia chini ya mbao na majani.

Hata hivyo, uondoaji hauwezi kushindana na bomba linaloendelea kumwaga. Paleti hazioti uwanjani. Hutoka nyuma ya maduka makubwa, maghala na maeneo ya ujenzi, na mara nyingi hutoka kwa sababu ziliachwa nje ya geti. Kamati itembelee kila biashara ya jirani mwanzoni mwa Oktoba na kuomba mambo mawili: paleti zifungiwe ndani hadi Halloween ipite, na zile zisizohitajika zirudishwe kwa msambazaji kwa maandishi, ili meneja wa zamu asizigawe mlangoni kwa watoto waliokuja na toroli. Matairi yana habari tofauti kidogo. Tangu Oktoba 2017, mnunuzi wa tairi jipya la gari dogo hulipia mapema gharama ya kuondoa la zamani, na ada hiyo ilianza kwa yuro 2.80 bila kodi, hivyo gereji inayotupa matairi kichochoroni inatupa kitu ambacho mteja ameshakilipia. Gereji ya namna hiyo iripotiwe bila kuonewa haya. Kisha kuna sisi wenyewe majumbani. Mtu mzima anayempa mtoto kochi kuukuu ili aepuke ada ya dampo ndiye mfadhili mkuu wa moto huu, na dawa yake ni halmashauri kutangaza siku ya kupokea magodoro na samani bila malipo mapema mwezi Oktoba, huku kamati ikitafuta gari la kuwabebea wazee na wasio na usafiri.

Sheria ipo, na inafaa itajwe katika vipeperushi kwa ufupi. Kuchoma taka ni kosa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Taka ya 1996 na kanuni zake za 2009, na kumiliki fataki bila leseni kwa nia ya kuziuza au kuwagawia wengine kunaweza kuleta faini ya hadi yuro 10,000, kifungo cha hadi miaka 5, au vyote viwili. Wafanyabiashara hutishika kwa sheria kuliko vijana.

Vijana wanahitaji mahali pa kwenda. Derry, upande wa Ireland ya Kaskazini, imeijenga Halloween kuwa tamasha la jiji zima, na Cork, jiji la kusini mwa Ireland, ina maandamano ya sanamu kubwa ya joka, yaitwayo Dragon of Shandon, usiku uleule. Mtaa mdogo hauhitaji makubwa hayo, lakini unahitaji muda sahihi: saa hurudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, jua la Dublin huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, na shughuli iliyokwisha saa kumi na mbili huwaachia vijana usiku mzima mtupu. Halmashauri kadhaa hutoa ruzuku ndogo kwa vikundi vya wakazi, ambazo maombi yake hufungwa wiki nyingi kabla. Vijana wakubwa wapewe kazi ya kuandaa muziki na kusimamia wadogo, maana mashindano ya mavazi peke yake hayatamvuta kijana wa miaka kumi na sita. Belfast, hukohuko Ireland ya Kaskazini, kwa mioto ya sherehe inayowashwa humo kila Julai, ilijaribu pia njia ya kati: kizimba cha chuma kilichojazwa vipande vya mti wa mwerebi (willow) na kuwekwa juu ya mchanga, kinachowaka bila tairi na bila kuharibu lami.

Usiku wenyewe, piga 999 au 112 ikiwa moto unakaribia nyumba, magari, miti au nyaya. Moto usiotishia kitu huenda ukaachwa uwake chini ya uangalizi, na huo si uzembe, kwani magari ya zimamoto hayatoshi kuwa kila mahali. Wenye pumu wakae ndani na madirisha yafungwe.

Asubuhi, wazuie watoto wasiingie majivuni, kwa sababu makaa hubaki hai chini na juu yake kuna misumari, vioo na waya wa chuma uliobaki wa matairi. Halmashauri ichote udongo ulioungua pamoja na majivu na kujaza udongo mpya, lakini mbegu za nyasi zingoje majira ya kuchipua, kwani zikipandwa Novemba huozea ardhini. Kamati iweke alama kwenye ramani mahali kila moto ulipowaka na kuandika gharama halmashauri ikizitoa, na mahali palipowaka miaka miwili mfululizo iombe pawekwe mawe makubwa yanayozuia gari kuingia.