Jinsi ya kumuomba mwalimu akufunze baada ya kengele, na kwa nini wengine huwakubali

Nasomesha hesabu sekondari hapa Lamu, na kila mwaka KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, ikikaribia yale maneno huanza barazani, eti mwalimu ana wapenzi wake, mtoto wa fulani anafunzwa mpaka magharibi na wangu anaambiwa arudi kesho. Huo uchungu nauelewa kabisa, mimi pia ni mzazi. Basi wacha niseme wazi vile mimi nachagua, ili mtoto yeyote ajue aingie vipi.

Kwanza jueni hizo saa zinatoka wapi. Kwa kanuni za elimu skuli za kutwa zinasomesha saa 2 asubuhi mpaka saa 9 na nusu, halafu michezo mpaka saa 11 kasorobo. Baada ya hapo kuna daftari za kusahihisha, kuna nyumba yangu, na wenzangu wengine wana boti ya kuwahi Mokowe, ng'ambo ya bara, kabla giza halijaingia. Klasi ina watoto zaidi ya arobaini na jioni moja naweza kukaa na wawili, wakizidi watatu. Lazima nichague, hata nikitamani vipi.

Na si wale wa juu nawachagua, hao mara nyingi hawanihitaji. Naangalia daftari. Mtoto akija akaniambia "mwalimu hesabu sielewi" nabaki sijui nianzie wapi, fomu wan ama jana? Lakini akinifungulia ukurasa akaniambia "Mwalimu, shikamoo, namba 18 nimeijaribu mara mbili, nimefika mstari wa tatu nikakwama, naomba dakika kumi leo ama kesho," huyo hata kama nimechoka nakaa, kwa sababu kazi nusu ameshanifanyia, naona kosa liko wapi na dakika kumi zinatosha kweli. Ni vile vile kwenye mtihani wenyewe. Hesabu za KCSE ni pepa mbili, kila moja saa mbili na nusu, sehemu ya kwanza maswali 16 yote ya lazima, ya pili maswali 8 unachagua 5, na maksi nyingi ziko kwenye hatua, jibu likikosewa mwishoni zile hatua sahihi bado zinahesabiwa. Kwa hivyo usifute ulichokosea. Niletee vile vile kilivyo na michoro yake.

Saa ya kuomba pia chagua vizuri. Usinishike mlangoni wakati wa adhana ama nikiwa nakimbilia mkutano, njoo mapumziko ya saa nne, ama niambie asubuhi ili nijipange. Mwezi wa Ramadhani omba mapema mchana, jioni kila mtu ana jiko lake. Kama una chuo cha Qurani alasiri niambie siku gani huna, mimi siwezi kukutoa kwa ustadhi wako.

Halafu rudi. Hapa ndipo wengi wanapotea. Nikikufunza leo nakupa maswali mawili ya nyumbani, ukija kesho umeyafanya, hata umeyakosa yote, nafasi yako ipo mpaka mtihani, lakini ukipotea wiki nzima nafasi naipa mwenzako na sikuchukii, yeye tu anangoja.

Kuna jambo bado linaniuma. Nilikuwa na kijana akitembea kutoka Shela kila siku, mpole sana, hajawahi kuniomba chochote, na mimi nikadhani hana haja. Alipomaliza skuli ndiyo nikajua alikuwa akiona haya tu. Tangu hapo kila nikirudisha daftari naandika pembeni "njoo unione" kwa yule aliyejaribu na hasemi. Ukiliona neno hilo kwenye daftari lako njoo, si kesi. Na kama mdomo ni mzito andika swali kwa karatasi uliweke ndani ya daftari, nitalisoma.

Wazazi, pesa msinitilie mkononi. Nikishapokea, mtoto asiye nazo atajiondoa mwenyewe, na huyo pengine ndiye aliyekuwa na haja zaidi. Tuisheni ya likizo nayo msiniombe, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeikataza. Mnachoweza kunifanyia ni kujua mtoto yuko wapi na anarudi saa ngapi. Tunakaa klasi ya mbele, mlango wazi, wawili ama watatu pamoja, na mwalimu yeyote akimuita mwanao peke yake nyumbani kwake ama mahali pa kujificha, kataeni na mumueleze mkuu wa skuli siku hiyo hiyo.

Na mwalimu akikwambia leo hana nafasi, usiondoke hivi hivi. Muulize ni siku gani, iandike nyuma ya daftari mbele yake, na siku hiyo uwe mlangoni na ule ukurasa umeshafunguliwa.