Kurudisha Msitu kwa Kazi ya Ndege na Popo: Mwongozo kwa Mwenye Ardhi Kwenye Miteremko ya Kilimanjaro na Meru

Mtu mwenye kipande cha ardhi kilichokatwa miti juu ya Kibosho, Marangu au upande wa Meru akiamua kurudisha msitu, jambo la kwanza analohesabu ni miche: mingapi, itoke kitalu gani, na nani ataimwagilia wakati wa kiangazi. Hesabu hiyo huwakatisha tamaa wengi, kwa kuwa kuijaza hekta moja kwa utaratibu ulioendelezwa Chiang Mai, nchini Thailand, tangu miaka ya 1990 huhitaji miche ipatayo 3,100. Njia inayoelezwa hapa ni nafuu zaidi, ingawa inadai subira: wape wanyama walao matunda sababu ya kupita na kutua kwako, zilinde mbegu wanazoziacha, kisha panda kwa mkono miti ile tu ambayo hawawezi kukuletea.

Kabla ya kununua hata jembe, tazama kilichopo karibu. Njia hii hufaa palipo na chanzo cha mbegu, kama msitu wa hifadhi, korongo lenye miti ya asili, au vihamba vya zamani (mashamba ya migomba na miti yanayozunguka nyumba) vilivyobaki na miringaringa, misesewe na mikuyu. Ikiwa pande zote ni mahindi, mikaratusi na migrevilea, ndege hawatakuwa na cha kukuletea, na hapo hakuna budi kupanda. Hakikisha pia mpaka wako. Mwaka 2005 msitu wa akiba uliounganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ulikoma kuwa mahali pa mwanakijiji kuamua mambo peke yake, na ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu kingo hizo. Nenda kwanza ofisi ya kijiji, ueleze unachotaka kufanya.

Kinachofuata ni kujua nani huleta nini, na hapa inafaa kukaa kwa muda, maana si kila mla matunda ni mpandaji. Hondohondo, ndege mwenye mdomo mkubwa, humeza tunda zima, hata lenye kokwa kubwa, huruka mbali, kisha huitema au kuitoa mbegu nzima isiyo na dosari. Shorobo, yule ndege wa kijani ambaye mabawa yake hung'aa mekundu anaporuka, hufanya vivyo hivyo kwa matunda ya ukubwa wa kati. Shore na pasa ni wadogo na hubeba mbegu ndogo tu, lakini faida yao ni kwamba hawaogopi mashamba na hufika mahali ambapo ndege wa msituni hawafiki. Kima hujaza mashavu yake matunda na kuzitema kokwa njiani, na usiku ngawa huacha mbegu katika kinyesi chake kando ya vijia. Kwa upande mwingine, mbega tunayempenda kwa manyoya yake meupe na meusi ni mla majani zaidi, na mbegu anazokula kwa kawaida huzitafuna. Ninga naye, yule njiwa wa kijani, ingawa hujaa kwenye mikuyu, huzisaga mbegu katika firigisi yake. Ukiwaona ninga kwenye mti wako, furahi kwa uzuri wao, lakini usiwahesabu kuwa vibarua.

Tofauti iliyo muhimu kuliko zote ni kati ya ndege na popo. Ndege wengi hutoa kinyesi wakiwa wametua, kwa hiyo mbegu zao hurundikana chini ya matawi na ni chache mno zinazoanguka katikati ya uwanja mtupu. Popo wa matunda hutoa kinyesi hata anaporuka, na hivyo mbegu ndogo ndogo, hasa za mikuyu, humwagika hata pasipo na mti. Anayekata mti mkubwa kwa sababu popo wanapiga kelele juu yake, jambo linalotokea mara nyingi mno mjini Moshi na Arusha, anafukuza wafanyakazi wa usiku ambao hawadai ujira.

Kwa kuwa ndege huhitaji pa kutua, wape. Usiung'oe mti uliokauka uliosimama katikati ya shamba, isipokuwa unatishia nyumba au njia. Pasipo na mti, simika nguzo za mianzi au za matawi yenye panda zenye urefu wa mita tatu hadi tano, ukizifunga vijiti viwili vitatu vya kukingama juu, na uzisimike mashimo ya kina cha kutosha kuhimili upepo. Nguzo zilizo bora zaidi ni zile zinazochipua. Kata vigingi vya mkuyu vyenye unene wa kifundo cha mkono na urefu wa mita mbili, uvichimbie mvua za masika zinapoanza mwezi Machi, na uvizungushie miiba ili mbuzi wasiyatafune machipukizi. Kigingi kikishika mizizi, utakuwa na kituo cha ndege ambacho baadaye kitazaa chakula chao wenyewe. Masale nayo, ambayo kila kihamba kinayo mpakani, huota kwa vipande na huzaa matunda madogo ambayo ndege hula, kwa hiyo usiyakate yote unapopogoa.

Hata hivyo nguzo peke yake haileti msitu. Mbegu inaweza kuletwa, ikaota, kisha ikafa kwa sababu ya majani yaliyosongamana. Kwa hiyo safisha mduara wa nusu kipenyo cha mita moja chini ya kila nguzo, ung'oe majani pamoja na mizizi yake, na uupalilie tena kabla ya mvua za vuli. Kwenye sehemu nyingine za shamba, yalaze majani marefu kwa kuyakanyagia ubao badala ya kuyafyeka, kwa sababu yaliyofyekwa huchipua upya kwa nguvu, ilhali yaliyolala hujifunika na kujinyima mwanga yenyewe. Kabla ya kulaza, pita polepole ukiwekea kijiti chenye kitambaa kila mche wa mti uliojiotea. Utashangaa kuona ni mingi kiasi gani, na utashangaa zaidi kuona jinsi kibarua mwenye panga asivyoiona.

Mwenye uwezo wa kununua miche kiasi aipande kwa makundi, si kwa mistari. Majaribio yaliyoanza mwaka 2004 kusini mwa Kosta Rika yalilinganisha visiwa vya miti vya mita 4 kwa 4, 8 kwa 8 na 12 kwa 12, na vile vidogo kabisa vilionekana kuwavutia ndege kidogo mno. Anza basi na mita 8 kwa 8, uchanganye miti inayokua haraka na ile inayozaa matunda mapema, na uache nafasi wazi kati ya kisiwa na kisiwa ili wanyama wakamalizie wenyewe.

Ili ujue kama kazi inaenda, chukua chandarua kikuukuu, ukifunge kwenye fremu ya fito nne chini ya nguzo moja kwa urefu wa goti, na ukikague kila baada ya siku chache. Kinyesi kikavu kilichokusanyika kisugue ndani ya maji kwa chujio la chai lisilotumika tena jikoni. Mbegu za mkuyu utaziona kama chembe za mchanga wa rangi ya njano, na pembeni yake kokwa moja moja za ukubwa wa harage. Zioteshe kwenye viriba vyenye mchanga na mboji, na zitakapotoa majani utajua ni miti ipi inakujia. Vaa glavu katika kazi hii, usiingie mapangoni kutafuta kinyesi cha popo, na usile tunda lililong'atwa, kwa maana popo wa mapangoni wa Misri, Rousettus aegyptiacus, ndiye anayehifadhi virusi vya Marburg, ambavyo vilithibitishwa mkoani Kagera mwaka 2023 na tena mwaka 2025.

Chujio hilo pia litakuonya. Ndege hawabagui mti wa asili na mti mgeni. Huko Amani, Usambara Mashariki, hondohondo ndio walioueneza msitu mzima mti wa Maesopsis eminii uliopandwa na watu. Kwetu adui ni Lantana camara (kichaka cha kigeni), ambayo shore huipenda mno. Ing'oe ikiwa ingali changa, kabla haijafunga matunda. Mpera uliojiotea sina ugomvi nao katika miaka ya mwanzo, kwa sababu huwaleta ndege na kutoa kivuli, lakini uupunguze pale miche ya msituni inapoupita goti.

Baada ya miaka michache, kivuli kitakapokuwa kimetulia, panda kile ambacho hakikuja. Prunus africana, mti unaotafutwa kwa ajili ya gome lake la dawa, hupoteza uwezo wa kuota mbegu zake zinapokauka sana, kwa hiyo okota matunda mabivu, uondoe nyama yake na uzioteshe mapema. Mzambarau mwitu nao hautaki kuwekwa stoo. Mkulo huzaa kwa vipindi visivyotabirika, na hivyo ni heri kutafuta machipukizi yanayotoka mizizini mwa mti wa zamani na kuyalinda palepale yalipo.

Limebaki jambo la kima na mahindi ya jirani. Kadiri kisiwa kinavyokua ndivyo kima wanavyosogea, na jirani ambaye shamba lake limevunwa na kima atakata nguzo zako kabla hujajua. Acha ukanda mpana wa wazi kati ya visiwa na mpaka wake, zungumza naye kabla hujapanda, na miti inayozaa matunda iweke upande ulioelekea msituni.